Ukurasa haugeuzwi pale unapoishia

Mashine ya kuchapa haijui kupiga kinanda. Inajaza nota mpaka chini ya karatasi, nafasi ikiisha inahamia karatasi nyingine, na haijali kama pale mwisho mikono yako yote miwili iko katikati ya mbio. Ndiyo maana ukifungua kazi nyingi za muziki unakuta sehemu ngumu kuliko zote imekaa kwenye kona ya chini, upande wa kulia, nusu yake unaiona na nusu yake iko nyuma ya karatasi. Mwimbaji ana mkono wa kushika kitabu na mkono wa kufunulia. Mpiga tarumbeta akibanwa sana anaweza kuachia mkono mmoja kidogo. Mpiga fidla, mpiga fluti na mpiga piano hawana mkono wa akiba, na mpiga ogani hata miguu yake ina kazi.

Mimi ni msindikizaji. Nawapigia waimbaji, kwaya, wapiga fidla, wanafunzi wanaokwenda kwenye mitihani. Wapiga piano wa peke yao wengi hupiga kwa kichwa, desturi iliyopata nguvu katika karne ya 19 kupitia wapiga piano kama Clara Wieck na Franz Liszt, kwa hiyo shida ya kurasa wametuachia sisi tunaopiga na wenzetu. Tena kwetu kurasa ni nyingi zaidi, kwa sababu karatasi ya msindikizaji hubeba mistari miwili ya piano pamoja na mstari wa mwenzake juu yake. Mpiga fidla anakuja na kurasa chache mkononi, mimi kwa kazi ileile nimebeba kitabu.

Watu wakiniuliza ninavyomudu, wengi wanategemea nitawatajia kifaa. Wanataka kujua pedali gani ya kugeuzia kurasa, programu gani, kioo cha ukubwa gani. Nitafika huko. Lakini kazi huanza kwa penseli, na huanza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo karibu kila anayeanza huyachukulia kuwa ni moja: mahali ukurasa unapoishia, na mahali unapougeuza. Pa kwanza pameamuliwa na mchapaji. Pa pili ni pako wewe.

Chukua penseli, tafuta sehemu iliyo karibu na mwisho wa ukurasa ambapo mkono mmoja hauna kazi au una kazi nyepesi. Inaweza kuwa kimya cha mapigo mawili katika mkono wa kulia, au nota ndefu inayoweza kushikwa na pedali ya piano, au kipande ambacho mkono wa kushoto unarudia kitu kilekile kwa vipimo vinne (kipimo ni kipande kifupi cha muziki kati ya mistari miwili ya wima). Mara nyingi sehemu hiyo ipo, ila iko vipimo vitatu au vinne kabla ya mwisho, au viwili baada ya ukurasa mpya kuanza. Ukiipata, chora mshale hapohapo juu ya kipimo chenyewe. Usiuchore pembeni wala kwenye kona. Hapo ndipo utakapogeuza.

Sasa kuna deni la kulipa. Ukigeuza mapema, vipimo vilivyobaki kwenye ukurasa wa zamani lazima uwe navyo kichwani. Ukichelewa, unalazimika kuvikariri vile vinavyoanza ukurasa mpya. Mimi karibu siku zote nachagua kugeuza mapema. Vipimo vya mwisho wa ukurasa umeshaviona, macho yametoka kuvisoma sasa hivi, vidole tayari viko njiani, kwa hiyo kuvishika kichwani si kazi kubwa. Na macho yanatua juu kabisa ya ukurasa mpya, mwanzo wa mstari, mahali rahisi kupatikana. Anayechelewa anatua katikati ya mstari wa kwanza, na kupata kipimo cha tatu kwenye karatasi iliyotoka kuruka mbele ya macho yako ni bahati nasibu. Nachelewa tu pale ukurasa mpya unapoanza na kitu ambacho mkono unakijua bila kuangalia, kama vile marudio ya wimbo ule wa mwanzo.

Vipimo vinne vya kukariri si mzigo. Kinachowashinda watu ni namna wanavyofanya mazoezi. Mtu akiwa peke yake nyumbani hupiga mpaka mwisho wa ukurasa, anasimama, anageuza taratibu, anaweka karatasi sawa, kisha anaendelea. Amefanya hivyo wiki nzima. Mwili umejifunza vizuri kabisa kwamba pale pana kisimamo, na siku ya kupiga na wenzake kisimamo kinatokea hata kama karatasi imegeuzwa na mtu mwingine. Nimewaona wanafunzi wanaosita mwisho wa ukurasa wakati wanapiga kwa kichwa, bila karatasi yoyote mbele yao. Dawa yake ni kulifanya fundo hilo kuwa zoezi lenyewe: anza mistari miwili kabla, malizia mistari miwili baada, geuza ndani yake, kwa mwendo wa polepole usiokatika. Mkono unaogeuza una mapigo yake kama nota nyingine. Kama unaondoka kwenye pigo la pili na kurudi la nne, basi uondoke la pili na urudi la nne kila mara.

Zipo sehemu ambazo hakuna mkono wowote ulio huru, kurasa mbili mbele wala nyuma. Hapo kuna nota zitakazoachwa, na ni bora uamue wewe zipi kabla karatasi haijakuamulia. Mimi huacha kwanza zile za katikati, zinazojaza tu akodi, yaani nota zinazopigwa kwa pamoja. Nota iliyopigwa mara mbili kwa oktava, yaani ileile juu na chini, hubaki moja. Besi siiachi, kwa sababu mwimbaji ameegemea pale, na mapigo siyaachi kamwe. Msikilizaji hasikii nota moja ya katikati iliyopotea, lakini mwendo ukichelewa nusu pigo ukumbi mzima unajua.

Kuhusu mkono wenyewe: karatasi ya kulia hugeuzwa kwa urahisi na mkono wa kulia, kwa kuivuta kutoka kona ya chini. Mkono wa kushoto nao hufika, ila unakatiza mbele ya kurasa zote mbili na kwa muda huoni kitu. Kona nazikunja mapema, moja kuelekea mbele na inayofuata kuelekea nyuma, zikipishana hivyo kitabu kizima, ili vidole vishike karatasi moja tu. Karatasi mbili kunyanyuka pamoja ndiyo ajali inayotokea kuliko zote. Kulamba kidole sikushauri, maana karatasi inashika kidole na hairudi. Mifuko ya plastiki nayo ni mizuri kwenye faili, lakini jukwaani taa inapiga juu yake na huoni nota, na mifuko miwili ikishikamana huiachanishi kwa mkono mmoja. Kitabu kipya kisicholala wazi kilainishwe kabla: kifungue kurasa chache chache kutoka mwanzo na kutoka mwisho ukikandamiza mshono, mpaka ufike katikati.

Penseli ikishindwa, mkasi. Kwa ukurasa mkorofi natoa nakala ya mstari wa kwanza wa ukurasa unaofuata, naukata, naubandika chini ya mstari wa mwisho wa ukurasa nilionao. Mstari mmoja tu unatosha kuhamisha mahali pa kugeuzia kutoka kwenye balaa hadi kwenye kimya. Kwa wimbo mfupi natoa nakala ya kurasa zote na kuziunganisha. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo tatu zikikaa sambamba ni sentimita 63, na zinakaa vizuri juu ya kinanda. Nne ni 84, na hapo zile za pembeni zinaanza kuinama, zinahitaji ubao mgumu nyuma. Ukiziunganisha kwa utepe usizigusanishe kabisa. Acha uwazi wa milimita mbili kati ya karatasi na karatasi, utepe upite nyuma, ndipo zitakunjika mbele na nyuma bila kuchanika. Ukizibana sana, mkunjo wa kwanza tu unainua kingo na karatasi inataka kujifunga yenyewe wakati unapiga.

Nakala zina mwenyewe, kwa hiyo kitabu halali kiwepo. Chama cha wachapishaji wa muziki cha Uingereza, katika mwongozo wake wa matumizi ya haki, kinamruhusu mpigaji anayepiga peke yake kutoa nakala ya ukurasa kwa ajili ya kurahisisha mgeuzo mgumu. Hiyo ni ruhusa ya ukurasa, si ya kitabu kizima kuzunguka kwaya nzima.

Okestra ilitatua shida hii zamani kwa mpangilio wa viti. Wapiga fidla hukaa wawili wawili kwenye stendi moja, na yule wa ndani, aliye mbali na watazamaji, ndiye anayegeuza wakati wa nje anaendelea kupiga. Nusu ya sauti inabaki. Tatizo lipo pale mchapaji anapoweka mwisho wa ukurasa katikati ya sehemu ya taratibu sana, ambapo nusu ya fidla kunyamaza kunasikika wazi, na mchakacho wa karatasi zote kwa pamoja unasikika zaidi. Mara nyingine chini ya ukurasa utaona herufi V.S., kifupi cha volti subito, yaani geuza upesi: muziki unaendelea mara tu baada ya hapo, usizubae. Onyo la namna hiyo ni la kistaarabu, lakini ukiliona ujue aliyepanga kurasa aliliona tatizo na akakuachia wewe.

Kwenye kundi la watu wanne hakuna wa kugawana naye stendi. Kila mmoja ana karatasi yake na mgeuzo wake, na nyuso zao zinakuambia nani amebakiza kipimo kimoja.

Kisha yupo mgeuza kurasa, mtu mwenye kazi ambayo ikifanyika vizuri hakuna anayemwona. Anakaa kushoto kwa mpiga piano, nyuma kidogo. Anasoma nota pamoja naye. Mistari miwili kabla ya mwisho anasimama, si ghafla, na kwa mkono wa kushoto anashika kona ya juu ya kulia ya ukurasa. Kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ungepita mbele ya uso wa mpigaji na kumfunika nota. Anasubiri. Mpigaji akitikisa kichwa, au kwenye kipimo walichokubaliana, anageuza mara moja mpaka mwisho, anailaza karatasi kwa kiganja, anakaa. Kosa la wanaoanza ni kugeuza nusu na kuiacha karatasi imesimama huku wanaangalia kama wamepatia.

Mtu huyo ukimwomba, usimwombe mlangoni. Kaa naye muda mfupi na kitabu, mwonyeshe mishale yako, hasa pale unapotaka ageuze mapema kuliko anavyotarajia, na pale panaporudiwa. Marudio ndiyo mtego mkubwa: kurudi kurasa tatu nyuma kwa haraka kunahitaji alama ya karatasi inayochomoza, moja kwa kila mahali pa kurudi, yenye rangi tofauti. Mwambie pia kama una kawaida ya kutikisa kichwa ovyo unapopiga. Wengi tunayo na hatujijui.

Anayeona kazi hiyo ni ndogo na amkumbuke mwanamuziki Ignaz von Seyfried. Tarehe 5 Aprili 1803, Vienna, mtunzi Beethoven alikuwa anapiga kwa mara ya kwanza mbele ya watu konseto yake ya tatu ya piano, yaani kazi ya mpiga piano mmoja na okestra, na akamwomba Seyfried amgeuzie. Seyfried alieleza baadaye kwamba kurasa karibu zote zilikuwa tupu. Hapa na pale palikuwa na michoro michache, kwake haikusomeka zaidi ya maandishi ya Misri ya kale. Beethoven alikuwa hajapata muda wa kuandika sehemu yake mwenyewe na alikuwa anaipiga kwa kichwa, akimtupia jicho la siri kila alipofika mwisho wa ukurasa usioonekana. Wasiwasi wa mwenzake ulimfurahisha sana, na kwenye chakula cha usiku akacheka kweli kweli. Mimi huyu Seyfried namhurumia, lakini ona: hata kwa karatasi tupu, Beethoven alijua ukurasa unageuka wapi.

Wala kuhitaji karatasi na mtu wa kuigeuza si alama ya udhaifu. Sviatoslav Richter, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne ya 20, miaka yake ya mwisho alipiga na nota mbele yake, ukumbi ukiwa giza na taa ndogo tu ikimulika karatasi, na mgeuza kurasa kando yake.

Sasa vifaa. Vishikwambi vilianza kuingia kwenye stendi za nota baada ya iPad ya kwanza ya mwaka 2010, na ile kubwa ya inchi 12.9 iliyotoka 2015 ndiyo iliyowashawishi wengi, kwa kuwa nota zake zinakaribia ukubwa wa karatasi ingawa bado hazijaufikia. Pedali ya kugeuzia huunganishwa kwa Bluetooth, na ndani yake hakuna muujiza wowote: inajitambulisha kwa kishikwambi kama kibodi, na kila ukiikanyaga inatuma kitufe cha ukurasa mbele au ukurasa nyuma. Ndiyo maana pedali moja hufanya kazi na programu nyingi.

Kwa mpiga fidla ni ukombozi. Kwa mpiga piano ni nusu yake, kwa sababu mguu wa kulia uko kwenye pedali ya piano, na wa kushoto unatakiwa kwenye pedali ya kupunguza sauti, mara nyingi kwenye kurasa zilezile tulivu ambazo hutaki kufanya fujo. Kwa mpiga ogani miguu imekwisha kabisa. Yeye anabaki na msaidizi, ambaye pengine ndiye anayevuta vishikizo vya sauti pia, au na programu zinazosoma uso kwa kamera na kugeuza ukikonyeza jicho. Hizo nimezijaribu na sizipendi, maana ninapopiga sehemu ngumu uso wangu una mambo yake.

Kitu kilichonivutia kuliko vyote kwenye kioo ni mgeuzo wa nusu. Ukikanyaga mara ya kwanza, nusu ya juu ya kioo inabadilika na kuonyesha mwanzo wa ukurasa unaofuata, wakati nusu ya chini bado ina mwisho wa huu wa sasa, na mstari unaotenganisha. Unasoma mpaka chini, macho yanapanda juu, tayari mpya upo. Unaweza kukanyaga wakati wowote ukiwa katika nusu ya chini, yaani una mistari mitatu au minne ya kuchagulia badala ya sekunde moja. Nawashangaa wanaomiliki pedali ya bei na hawajawahi kuwasha kitu hicho kwenye mipangilio.

Kwa marudio, programu nyingi zina vitufe vya kuruka unavyoviweka juu ya ukurasa. Mimi naona rahisi zaidi kupanga faili lenyewe: kama kurasa ya pili hadi ya nne inarudiwa, naziweka mara mbili kwa mfuatano, halafu kazi ya mguu ni kwenda mbele tu mpaka mwisho. Mengine ni usafi wa kawaida. Zima kila kinachoweza kulia au kuchomoza juu ya kioo, zuia kioo kisijifunge chenyewe, jaza betri ya kishikwambi na ya pedali, na bandika pedali sakafuni isitembee. Karatasi za akiba nazibeba. Sijazihitaji sana, lakini mwimbaji akiziona kwenye mkoba anatulia.

Hata hivyo kifaa hakimwokoi asiyefanya kazi ya penseli. Mguu nao husita. Aliyezoea kusimama mwisho wa ukurasa wa karatasi atasimama mwisho wa ukurasa wa kioo, na mara hii pengine amekanyaga mara mbili.

Ningependa lawama zirudi kwa sisi wenyewe tunaoandika na kupanga nota, kwa maana siku hizi kila mwalimu wa kwaya ana programu ya kuandikia. Mtunzi Johann Sebastian Bach alipoanza kitabu chake kidogo cha ogani, Orgelbüchlein, alipanga nyimbo 164 na kuandika vichwa vyake kwanza, kwa kawaida ukurasa mmoja kwa kila wimbo. Alikamilisha 46. Palipomwia finyu, na nota zikakataa kuenea, hakuruka tu kwenda ukurasa wa pili. Alimalizia vipimo vya mwisho kwa maandishi ya herufi yaliyotumika na wapiga ogani wa Ujerumani, ambayo yanakula nafasi ndogo, akayabana chini. Yeye alikuwa mpiga ogani, alijua mikono na miguu iko wapi.

Sisi tuna kitufe cha kuvunja ukurasa na hatukitumii. Kwenye kitabu kilichofunguliwa, mgeuzo hutokea mwisho wa ukurasa wa kulia pekee, yaani wenye namba witiri. Kwa hiyo sehemu ya kurasa mbili ianze upande wa kushoto, namba 2, na hakuna kugeuza kabisa. Sehemu ya kurasa tatu ikunjuke, au ianze kulia ikiwa kuna kimya mwisho wa ukurasa huo wa kwanza. Ukurasa wa kulia usijazwe mpaka chini kama kimya kiko mistari miwili juu: vunja pale, acha weupe unaobaki. Ikibidi kuacha ukurasa mzima mtupu, uache, na uandike juu yake kwamba umeachwa makusudi, ili mtu asidhani printa imekosea. Kisha chapa nakala moja, iweke kwenye stendi, na umpe mwenye kuipiga aipige mara moja bila kumwambia unatazama nini.